Mlicheka Nini Night Aliporudi Nyumbani?

Safari hii hatuanzi na jina la ugonjwa wala dawa. Tunaanza na filamu. Najua wengi wenu mkisikia neno filamu mnakaa sawa, tofauti kabisa na mnaposikia neno "mada". Basi kaa sawa, lakini shika na kalamu, maana mwishoni kuna maswali.

Filamu ninayoizungumzia inaitwa Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe. Ilitoka mwaka 2016. Sisi tuliionyesha katika bwalo la shule moja ya sekondari hapa Ilemela, Jumamosi jioni. Nilikwenda pale nikidhani mimi ndiye mwalimu. Nilirudi nyumbani nimefundishwa.

FILAMU YENYEWE NI YA NINI?

Kama hujaiona, nikusimulie kwa kifupi. Katwe ni mtaa wa watu wa kipato cha chini katika jiji la Kampala, Uganda. Siyo mbali na sisi kama unavyofikiri. Kampala iko karibu na ufuko wa kaskazini wa ziwa hili hili ambalo wewe unaoga na kuteka maji yake kule Igombe au Kayenze. Sisi tuko kusini, wao kaskazini.

Katika mtaa huo aliishi msichana anayeitwa Phiona Mutesi. Huyu si mtu wa kubuni, yupo kweli. Baba yake alifariki Phiona akiwa mdogo. Mama yake alihangaika peke yake na watoto, na Phiona akaacha shule kwa kukosa ada, akawa anauza mahindi mitaani. Siku moja mwaka 2005 alimfuata kaka yake Brian, akamkuta kwenye banda ambako kijana mmoja aitwaye Robert Katende alikuwa anawafundisha watoto mchezo wa sataranji, ule ambao wengi tunauita chesi. Katende pia alikuwa akiwapa watoto uji. Phiona mwenyewe amewahi kueleza kwamba alichofuata kwanza ni uji. Mchezo ulikuja baadaye.

Lakini mchezo ukamkubali. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012 akaenda tena, Istanbul, Uturuki, na mwaka huo huo alipata cheo cha kimataifa cha mchezo huo. Mwandishi wa Marekani, Tim Crothers, aliandika kitabu juu yake, na kutokana na kitabu hicho mwongozaji Mira Nair, mzaliwa wa India mwenye makazi pia Kampala, akatengeneza filamu. Phiona ameigizwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala. Mama yake, Nakku Harriet, ameigizwa na Lupita Nyong'o wa Kenya. Kocha Katende ni David Oyelowo.

Hii ni aina ya filamu inayomwonyesha mtoto akikua. Anaanza hajui kitu, anakosea, analia, anapenda, anapoteza, na mwishoni anakuwa mtu mwingine. Vijana wanazipenda filamu za namna hii kwa sababu wanajiona mle ndani. Na hapo ndipo somo letu lilipo.

TULIVYOIANGALIA BWALONI

Tulifunga shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta. Filamu yenyewe inaongea Kiingereza, kile cha Uganda. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza na cha pili walikuwa bado hawakifuatilii vizuri, hivyo nikashika maikrofoni nikawa natafsiri, kama wale jamaa wa vibanda vya video mnaowajua. Kusema ukweli nilijisikia nyota. Kila nikiongeza chumvi kidogo, bwalo linalipuka.

Hebu niwaambie watazamaji walifanya nini, maana ndicho nilichokuwa nakiandika kwenye daftari langu.

Watoto wa Katwe walipokwenda kushindana na wanafunzi wa King's College Budo, shule ya wenye nacho, bwalo zima lilikuwa upande wa Katwe. Phiona alipomshinda mvulana wa pale, wasichana walisimama juu ya mabenchi. Wavulana nao walipiga makofi, ingawa mmoja alisikika akisema, "Huyo jamaa kamwachia tu." Akazomewa.

Brian alipogongwa na pikipiki, kelele ziliisha. Mama alipomtoa mtoto hospitali kimya kimya kwa sababu hana hela ya kulipa, hakuna aliyecheka. Nilimwona mwanafunzi mmoja akiinamisha kichwa kwenye magoti. Sikumuuliza kitu. Katika nchi yetu wapo wengi wanaoijua hali ile bila kuhitaji mkalimani.

Mama alipouza kitenge chake kizuri ili Phiona apate mafuta ya taa ya kusomea, nilisikia mtu nyuma yangu akivuta kamasi. Phiona aliposhindwa kule Urusi na kurudi amevunjika moyo, walinyamaza. Aliponunua nyumba kwa ajili ya mama yake, walishangilia mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia dirishani.

Na mwisho kabisa, pale waigizaji wanaposimama mmoja mmoja pembeni ya watu halisi waliowaigiza, bwalo lilisema kwa pamoja, "Kumbe ni kweli!"

Sasa nimeruka sehemu moja. Nimeiruka kwa makusudi.

NIGHT

Phiona ana dada yake mkubwa katika filamu, jina lake Night. Tamka Naiti. Huko Uganda jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa usiku. Night ni mzuri, amechoka na umaskini, na anamfahamu kijana mmoja mwenye pikipiki anayeitwa Theo, ambaye ameigizwa na mwanamuziki Maurice Kirya. Mama hampendi Theo hata kidogo. Wanagombana, Night anaondoka na mwenye pikipiki. Baadaye anarudi nyumbani, ana mimba na ameachwa.

Mimi na maikrofoni yangu nikasema, "Haya jamani, dada yetu huyo karudi, na kaharibika tayari!"

Bwalo likaanguka kwa kicheko. Walicheka wavulana, wakacheka wasichana, wengine wakapigana mabega. Kicheko kile kilikuwa kirefu kuliko kingine chochote usiku ule. Na mimi nilicheka nao.

Filamu ilipoisha tuliendesha majadiliano. Nikauliza, "Mnaonaje kuhusu Night?" Majibu yalikuja haraka haraka.

"Tamaa, dada. Alitaka pikipiki, kapata alichotaka."

"Mbona mdogo wake alivumilia? Umaskini ulikuwa ni ule ule."

"Wasichana wa siku hizi wanapenda lifti."

Haya maneno hayakutoka kwa wavulana tu. Yale makali zaidi yalitoka kwa wasichana. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza, "Lakini mbona huyo Theo hatumsemi?" Watu wakaguna, muda ukawa umekwisha, tukafunga kwa sala tukaenda zetu.

KARATASI MOJA KATIKA BOKSI

Kila kipindi tunaacha boksi la viatu lenye tundu. Mwanafunzi anaandika swali bila jina, anatumbukiza. Usiku ule nilirudi nyumbani Pasiansi nikamwaga karatasi kitandani. Nyingi zilikuwa za kawaida. Lupita ni mama yake kweli? Phiona aliolewa? Chesi inauzwa wapi Mwanza? Wewe dada una mchumba?

Moja iliandikwa kwa penseli, herufi ndogo ndogo. Ilisema hivi: "Dada ulisema Night ameharibika. Mtu akiharibika anatengenezwaje? Na kama ni mwanafunzi anaambiwa nini?"

Niliisoma mara mbili. Msomaji, nilipata shida kulala. Mimi nina digrii. Nimekaa darasani miaka mitatu nikisoma jinsi ya kuongea na vijana. Nimefundishwa kwamba mtoa elimu ya afya hatakiwi kuhukumu. Lakini usiku ule, kwa ajili ya kuchekesha tu, nilisema neno ambalo halimo hata kwenye filamu. Katika filamu hakuna anayesema Night ameharibika. Mama yake, pamoja na hasira zake zote, anampokea mtoto wake. Neno lile nililiweka mimi.

Na katika bwalo lile kulikuwa na mtu mmoja, pengine zaidi ya mmoja, ambaye hakuwa anaangalia filamu. Alikuwa anatuangalia sisi. Alitaka kujua watu watasema nini, ili ajue kama yeye naye aseme au anyamaze. Sisi tukamjibu kwa kicheko.

KWA NINI WATU HUCHEKA?

Hebu tulichambue jambo hili taratibu, maana ni la afya kama yalivyo mambo ya malaria na kichocho.

Kwanza, watu hucheka kwa aibu. Mambo ya mwili, mapenzi na mimba hatujazoea kuyaongea mbele za watu. Likija ghafla, mtu anacheka kwa sababu hajui uso wake auweke wapi.

Pili, watu hucheka kwa woga. Ukimcheka Night unajitenga naye. Ni kama kusema, "Mimi siko hivyo, jambo lile haliwezi kunikuta." Ndiyo maana baadhi ya wasichana walikuwa wakali kuliko wavulana. Wao ndio wenye cha kuogopa.

Tatu, watu hucheka kwa sababu jirani anacheka. Katika kundi, anayejua ukweli hunyamaza ili asije akashukiwa. Matokeo yake inaonekana kama wote wana wazo moja, kumbe sivyo.

Nne, maneno yetu yenyewe yanatusukuma. Angalia tunavyosema: kaharibika, kazalishwa, kapigwa mimba, kazalia nyumbani. Maneno yote yanamkalia msichana. Mwanamume hayumo. Lini umesikia mvulana akiambiwa kaharibika kwa sababu kampa mtu mimba? Kitu kilichoharibika hutupwa. Binadamu hatupwi. Sema tu "ana mimba" au "ni mjamzito". Inatosha, na ni Kiswahili safi.

Kwa nini nasema hili ni suala la afya? Kwa sababu aibu huchelewesha matibabu. Msichana anayeogopa kuchekwa hafungui mdomo mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anajifunga kitambaa tumboni. Haendi kliniki. Mwingine anadanganywa akanywe vitu vya mitaani au akachokolewe kwa siri, na hapo ndipo damu inapotoka bila kukoma, ndipo kizazi kinapooza, ndipo wengine wanapokufa. Kicheko chako cha dakika moja kinaweza kumfanya mtu akae kimya miezi mitatu.

TUMWANGALIE NIGHT UPYA

Juma lililofuata nilirudi shuleni pale. Kabla ya jambo lolote nilisimama mbele nikasema, "Jumamosi nilisema neno baya, naomba radhi." Walinishangaa. Halafu tukaanza upya, safari hii bila shuka ukutani. Tulimwangalia Night kwa maswali.

Swali la kwanza: Night alihitaji nini? Wanafunzi wakataja. Chakula. Nguo. Mahali pa kulala pasipovuja. Mtu wa kumwambia yeye ni mzuri. Nikawauliza, kuna kibaya hapo? Wakasema hakuna. Ni mahitaji ya kila mtu. Tatizo ni kwamba aliyekuja na majibu alikuja na bei yake.

Swali la pili: Je, hapa kwetu Theo yupo? Hapo darasa lilichangamka. Kumbe yupo mwenye bodaboda anayempa lifti msichana wa Buswelu kila asubuhi, na siku ya kumi anadai shukrani. Yupo mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anayemwachia binti sado moja ya ziada. Yupo mwenye duka la simu anayetuma vocha. Yupo mpangaji, yupo binamu, na mara nyingine, tuseme ukweli, yupo hata mtu mzima anayeaminiwa na kijiji kizima. Wazazi wenu watakumbuka matangazo ya redio yaliyovuma nchi nzima kuanzia mwaka 2008 yakimsema "Fataki". Tangu hapo neno fataki limebaki kuwa jina la mtu mzima anayewawinda wasichana wadogo. Siyo kila mwenye pikipiki ni mbaya, wengi wanatafuta ugali wao kwa haki. Lakini zawadi inayokuja na siri, hiyo iogope.

Swali la tatu: Kwa nini Phiona alipona na Night hakupona? Wengi walisema, "Phiona alikuwa na bidii." Ni kweli. Lakini msichana mmoja akasema jambo lililotunyamazisha wote. Alisema, "Phiona alimpata kocha. Night alimpata Theo. Aliyefika kwanza ndiye aliyemchukua." Fikiria hilo. Katika sataranji, kete ndogo kabisa ikivuka salama mpaka mwisho wa ubao inaweza kugeuka malkia. Lakini haivuki peke yake. Inalindwa na kete nyingine.

Basi usiseme tu kwamba mmoja alikuwa na akili na mwingine tamaa. Jiulize, nani alikuwa anamlinda?

JIBU LA ILE KARATASI

Sasa nalijibu swali la penseli, kama nilivyolijibu darasani. Mwanafunzi anaambiwa nini? Anaambiwa haya yafuatayo, na wewe yaandike.

Kuhusu mwili. Mimba inaweza kuingia siku ya kwanza kabisa ya kujamiiana. Inaweza hata kuingia kabla msichana hajaona hedhi yake ya kwanza, kwa sababu yai hukomaa kabla ya hedhi. Kuoga, kuruka ruka au kunywa soda baada ya tendo hakuzuii chochote. Njia ya uhakika kwa umri wenu ni kusubiri. Kondomu ikitumiwa vizuri hukinga mimba, VVU na magonjwa mengine ya zinaa kwa pamoja.

Kama umelazimishwa au umebakwa, saa ni kitu muhimu sana. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa ndani ya siku 5, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi zaidi. Usisubiri kwanza upate ujasiri wa kuwaambia watu wote. Mwambie mmoja tu, muende.

Kama hedhi imechelewa, pima. Usibahatishe. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila ruhusa ya mzazi.

Kama mimba ipo, anza kliniki mapema, miezi mitatu ya kwanza isipite. Utapimwa damu, shinikizo la damu, VVU na kaswende, utapewa vidonge vya kuongeza damu. Mwili wa msichana mdogo unapata shida zaidi kwenye uzazi. Kuna hatari ya kifafa cha mimba, uchungu wa muda mrefu, na fistula, ambapo mkojo hutoka bila kujizuia. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba au damu ikitoka, usingoje kesho. Zaa hospitali au kituo cha afya.

Hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamewahi kupata mimba. Hesabu wasichana darasani kwako. Siyo jambo la watu wa mbali.

Kuhusu sheria. Tangu mwaka 1998, sheria ya makosa ya kujamiiana inahesabu kuwa ni ubakaji kufanya tendo na msichana aliye chini ya miaka 18, hata kama alisema ndiyo. Na Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo swali la yule mvulana wa kidato cha tatu lilikuwa zuri kuliko yote. Mbona Theo hatumsemi? Sheria inamsema. Wavulana, na ninyi mlisikie vizuri hili, halichagui mwenye pikipiki tu.

Kuhusu shule. Kwa miaka mingi nchini kwetu mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa na ndiyo ilikuwa mwisho. Wengi wenu bado mnaamini hivyo. Lakini tarehe 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu wakati huo, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Upo Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Kwa hiyo mzazi anaweza kwenda kwa mkuu wa shule au kwa afisa elimu na kuutaja waraka huo. Msichelewe, maana utaratibu una muda wake. Anayeona haya kurudi shule ile ile anaweza kuomba kuhamia nyingine, na zipo pia njia za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Kwa hiyo, mwandishi wa penseli, mtu hatengenezwi, kwa sababu hakuharibika. Anatibiwa, analindwa, anarudi darasani. Njia ni ngumu, nisikudanganye. Kuna usiku wa kulea na asubuhi ya hesabu. Lakini njia ipo.

UNAKWENDA KWA NANI?

Piga simu namba 116, ni ya kuwasaidia watoto, na haitozwi. Nenda zahanati au kituo cha afya, omba huduma rafiki kwa vijana. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Mtafute mwalimu wa malezi na ushauri, au afisa ustawi wa jamii wa kata. Ukimwona mmoja hakusikilizi, usikate tamaa, nenda kwa wa pili. Kuna mama mdogo, kuna shangazi, kuna bibi. Wengi wetu tuna mtu mmoja anayeweza kukasirika leo na kesho akatushika mkono.

Watu waliniuliza, je, ulimjua aliyeandika ile karatasi? Hapana. Mwalimu mmoja alitaka tulinganishe miandiko kwenye madaftari, nikamwomba sana asifanye hivyo. Tukifanya vile, boksi lile halitapata karatasi tena. Baada ya kipindi cha pili, wasichana wawili na mvulana mmoja walinifuata pembeni kwa nyakati tofauti. Waliyoniambia ni yao. Mwenye penseli anaweza kuwa mmoja wao, anaweza asiwe. Mpaka leo sijui. Ninachotumaini ni kwamba alikuwepo siku ile ya pili.

UKIANGALIA FILAMU TENA

Sisemi usicheke kwenye filamu. Filamu bila kicheko ni kama samaki bila ndimu. Ila siku nyingine jiulize mambo manne:

1. Nani tunamshangilia, na nani tunamcheka? Kwa nini?

2. Yule tunayemcheka alikuwa na nafasi gani za kuchagua, na nani aliyemzuia?

3. Nani ameachwa nje ya maneno yetu, kama tulivyomwacha Theo?

4. Kama aliyekaa pembeni yangu anapitia jambo hili hili usiku huu, amesikia nini kutoka kinywani mwangu?

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU KATIKA KLABU

1. Taja maneno matano yanayotumika mtaani kwenu kumsema msichana mwenye mimba. Je, yapo yanayomsema mwanamume aliyehusika? Yabadilishe yawe maneno ya heshima.

2. Rafiki yako anakuambia hedhi imechelewa wiki tatu na hataki mtu ajue. Igizeni mazungumzo yenu. Utamwambia nini kwanza? Mtakwenda wapi?

3. Wavulana: mwenzenu anajisifu kwamba "anammudu" msichana wa kidato cha kwanza kwa kumpa hela ya chipsi. Mtamwambia nini, na mtasema mbele ya nani?

4. Mama yake Night alimpokea. Je, mzazi akimpokea binti yake anahalalisha kosa, au anaokoa maisha? Gawanyikeni makundi mawili mbishane kwa hoja, siyo kwa kelele.

5. Msichana aliyejifungua anarudi darasani kwenu Jumatatu. Andikeni mambo matatu ambayo darasa litafanya, na mambo matatu ambayo darasa halitafanya.

Haya, vijana wenzangu, kwa leo tuishie hapo. Mkiwa na boksi shuleni kwenu, litumieni. Kama halipo, mwombeni mwalimu, boksi la viatu halina gharama. Na mkiandika kwa penseli, bonyezeni kidogo, macho yangu usiku siyo mazuri. Tuonane toleo lijalo.